Sahani za zamani ukutani kwenye nyumba ya kupanga: nizitundikeje?

NyumbaSouthB

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa wanaojua vyombo vya zamani. Nina sahani 9, nyingi za sentimita 25, kombe moja (sahani kubwa ya kupakulia) la sentimita 42, buli moja la kauri, na mabakuli matatu mazito yenye maua makubwa mekundu na kijani yaliyonunuliwa Lamu. Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, ukuta wa mawe uliopigwa plasta na kupakwa rangi ya maji. Nataka viwe pambo la sebule, nisivifungie kabatini. Kuna mtoto wa miaka mitatu.

Nitundike vipi bila kupasua plasta, maana mwenye nyumba atakata dipoziti? Sahani mbili zina madoa ya kahawia yaliyo chini ya ule mng'ao, sabuni haiyafikii. Zilinunuliwa soko la Toi na muuzaji akasema zote ni za wakoloni, zaidi ya miaka mia. Hilo huthibitishwa vipi? Na yale mabakuli, yanafaa kulia chakula wageni wakija?

FundiUkuta

Tuanze na ukuta, kwa sababu sahani nyingi huanguka kwa kosa la ukuta. Kuta zetu nyingi hapa Nairobi ni mawe ya mashine, juu yake plasta ya milimita 12 hadi 15, halafu skimu nyembamba, lile tabaka laini la juu. Ukigonga msumari wa konkriti, plasta huachana na jiwe pale ulipogonga. Gonga kwa kidole pembeni ya msumari utasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Msumari utakaa mwezi, miezi mitatu, kisha kipande cha plasta cha ukubwa wa kiganja kitateremka nao. Hapo ndipo dipoziti inapokwenda.

Toboa kwa drili. Bandika masking tepu mahali pa tundu ili skimu isimeguke, weka alama kwa penseli juu ya tepu, anza bila nyundo ya drili mpaka uvuke plasta, kisha washa nyundo ukifika kwenye jiwe. Kwa sahani isiyozidi kilo moja (sahani ya sentimita 25 kwa kawaida ni gramu 500 hadi 700) tumia biti ya milimita 6, fisha ya plastiki ya 6 (kile kijibomba kinachotangulia tunduni kushika skrubu), na skrubu ya milimita 4 kwa 50. Urefu huo una sababu: milimita 15 za kwanza zimo kwenye plasta na hazibebi kitu, na milimita 5 hubaki nje kwa ajili ya kutundikia. Zinazobeba ni zile 30 zilizo ndani ya jiwe. Safisha vumbi la tundu kwa bomba la sindano au mrija kabla ya kuingiza fisha, kwani fisha iliyokaa juu ya vumbi huzunguka na skrubu haikazi.

Ukikuta jiwe linameguka kama unga na tundu limekuwa pana, usijaze njiti za kiberiti. Sogea sentimita 4 utoboe upya, au panda hadi fisha ya 8.

Kamwe usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari wa wima. Waya za stima hupita humo. Na ukuta ulio mgongoni mwa bafu au jiko uuache, mabomba yamo.

Kuhusu zile kulabu za kubandika zinazouzwa supamaketi: gundi yake ni nzuri, ila inashika rangi, na rangi ya maji ya bei nafuu haijashika skimu. Hutoka ganda zima la rangi na sahani ndani yake. Usitundikie sahani.

Tundu la milimita 6 ukihama ni rahisi kuliziba: filla ya ukutani, subiri ikauke, msasa namba 120, mguso wa rangi. Muulize keateka jina la rangi mapema uiandike mahali, kwa sababu "nyeupe" za dukani ni nyingi na hazifanani.

KitakoKwanza

Fundi amemaliza ukuta. Sasa chombo chenyewe, na hili lifanyike kabla ya kununua waya wowote.

Weka sahani juu ya ncha za vidole vitatu, gonga ukingo taratibu kwa kifundo cha kidole. Nzima hulia na mlio hudumu kidogo. Yenye ufa hutoa "tko" kavu. Kauri hulia kuliko chombo cha udongo mweupe, kwa hiyo linganisha sahani na dada yake wa seti moja. Kisha chumba kiwe giza, mulika kwa nyuma kwa tochi: kauri hupitisha mwanga na ufa hujionyesha kama mstari mweusi. Mwisho, chukua ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mahali palipojazwa au kupakwa rangi upya mara nyingi hung'aa tofauti, kama maziwa au manjano. Pitisha hasa kwenye mikono ya vikombe, mdomo wa buli na kingo.

Baada ya hapo vitenge makundi.

Sahani nzima zenye mgongo wenye glezi safi (glezi ndiyo ule utando wa kioo juu ya udongo) zinaweza kupewa stika za kutundikia, zile za duara zenye gundi ya kulowesha maji. Osha mgongo, acha ukauke siku nzima, lowesha gundi, subiri dakika kama 5 inate, bandika katikati, kisha ilaze kifudifudi saa 24 kabla ya kutundika. Chagua ukubwa kwa kipimo cha kipenyo na uzito kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Uzuri wake ni kwamba hazionekani kwa mbele na hutoka kwa kuloweshwa maji. Hilohilo ndilo ubaya wake: mahali penye unyevu zitajitoa zenyewe. Ukuta unaotoa ukungu wakati wa mvua ndefu, au ule ulio karibu na sufuria inayochemka, usiwekewe stika.

Waya wenye springi ni salama kwenye unyevu, ila unabana. Wa saizi sahihi unauvuta kwa sentimita 2 au 3 kuingia kwenye ukingo. Ukilazimika kuuvuta kwa nguvu zote, ni mdogo, nao utafungua ufa ambao hukujua upo. Kulabu nne zinazoshika ukingo zivalishe mrija mwembamba wa plastiki, milimita 10 kila moja. Chuma kitupu hukwaruza dhahabu ya ukingoni na kutu yake huingia kwenye vinyufa na haitoki.

Sahani yenye ufa isitundikwe kwa njia yoyote. Iegemeze kwenye rafu.

Lile kombe la 42 linaweza kufika kilo 2. Lisipewe stika. Ama waya mzito kwenye skrubu mbili za milimita 5 kwa 60, zenye umbali wa sentimita 8 baina yao ili lisizunguke, ama lisimame juu ya kabati likiegemea ukuta. Mimi ningelisimamisha. Chombo kizito kuliko vyote ukutani, juu ya kochi ambamo mtoto anaruka, ni mpango mbaya.

MamaTariq

Dada, yale madoa tia Jik kwenye beseni, loweka usiku mmoja. Yanatoka meupe kabisa.

KitakoKwanza

Hapana MamaTariq, na nasema kwa heshima kwa sababu ushauri huu umeharibu vyombo vingi. Madoa yako chini ya glezi, ndani ya udongo, yameingia kupitia vinyufa vile vinavyofanana na utando wa buibui. Jik huingia kwa njia hiyohiyo. Doa linapauka, lakini chumvi za Jik hubaki ndani. Zikikauka huwa fuwele, fuwele hukua na kusukuma glezi kutoka ndani. Baada ya wiki au miezi unaona unga mweupe kwenye vinyufa, kisha glezi inabanduka kama magamba. Hapo hakuna dawa.

Fanya hivi. Beseni la plastiki lenye taulo chini, usitumie sinki la chuma. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki laini. Chombo kimoja kwa wakati mmoja. Kisha loweka sahani yenye doa kwenye maji safi matupu saa 12, ili udongo ujae maji na dawa isivute uchafu ndani zaidi. Nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 au 6 famasi. Ya saluni iliyo nzito kama krimu ina mafuta, haifai. Vaa glavu, lowesha pamba, funika doa, zungushia nailoni ya kufunikia chakula ili isikauke, weka mahali pa kivuli. Badilisha pamba kila siku. Doa la chai hutoka kwa siku mbili tatu, doa la mafuta huchukua wiki na huenda lisitoke lote. Ukimaliza, loweka maji safi siku mbili ukibadilisha maji, kisha kausha siku tano kwa hewa tu. Udongo uliolowa ndani hukauka polepole kuliko unavyoonekana kwa nje.

Usifanye hivyo kwenye sahani yenye dhahabu, yenye rangi inayopapasika juu ya glezi, au iliyowahi kugundishwa. Hizo ni kitambaa chenye unyevu tu. Stili wulu, ndimu na siki pia ziache mbali: ya kwanza huchuna glezi, hizo mbili ni asidi.

BintiShela

Nimefurahi kuona mabakuli ya maua makubwa. Yageuze. Kama chini pameandikwa Maestricht, kwa herufi e, pamoja na Petrus Regout au Société Céramique, basi ni ya Uholanzi. Regout alianza kutengeneza vyombo mji huo miaka ya 1830, na viwanda hivyo viwili viliungana 1958. Vilileta bidhaa nyingi pwani ya Afrika Mashariki: maua yaliyopakwa kwa mkono, au mapambo yaliyogongwa kwa kipande cha sifongo, ndiyo maana kingo za rangi hazifanani ua kwa ua. Wauzaji wengi huziita za Kichina. Ni za Wazungu, lakini zimekaa kwenye nyumba zetu kwa vizazi na zina haki ya kuitwa vyombo vya pwani.

Kuhusu kuzionyesha, kwa nini usitazame zidaka, yale mashubaka ya ukutani? Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zina ukuta wa ndani uliojaa vidaka vya chokaa, safu juu ya safu, na kauri zilikaa humo. Siri ya ukuta ule ni kwamba kila chombo kina chumba chake. Jicho halirukiruki, na bakuli lenye kelele za rangi halipigani na jirani yake. Kuvunja jiwe la ukuta wa kupanga huwezi, na hata ukuta wako mwenyewe usiuchonge kama unabeba slabu. Ila seremala wa Ngong Road anaweza kukutengenezea sanduku la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshinikizwa) la milimita 12 lenye vyumba sita, vitatu kwa viwili, kina sentimita 22 kwa ndani kama mabakuli yako ni ya sentimita 18 hadi 20, kila chumba upana wa sentimita 28 na kimo cha 30. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande wa chombo. Chombo kikigusa kuta za chumba chake huonekana kama kimehifadhiwa stoo. Pakeni rangi nyeupe isiyong'aa. Nyeupe ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa na kuua rangi za maua.

Seremala akipendekeza mbao badala ya MDF, muulize kama zimekauka. Saiprasi mbichi hujipinda ndani ya miezi michache na vyumba vinakuwa vya mshazari.

Sanduku lenye mabakuli litazidi kilo 15. Mabano manne ya chuma, fisha za 8, skrubu za 60. Chini ya sanduku iwe sentimita 130 kutoka sakafuni, mtoto wa miaka mitatu aliyesimama sakafuni asifike, na vigoda viwe mbali. Kila bakuli lishikwe na vipande vitatu vya nta ya makumbusho (nta laini inayonata, ya kushikizia vyombo) chini ya kitako, ukubwa wa punje ya mtama. Blu-Tack, ule ulimbo laini wa kubandikia karatasi ukutani, isitumike kwenye kitako kisicho na glezi, mafuta yake huacha doa la kudumu.

Na neno moja la sheria, kwa kuwa umetaja Lamu. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kilichogunduliwa ardhini ni mali ya serikali. Mabakuli ya nyumbani yaliyouzwa na familia ni jambo moja, lakini mtu akikuletea vipande vya kauri ya kijani vya "kutoka Gedi", yale magofu ya karibu na Malindi, au vilivyobanduliwa kwenye kaburi la nguzo la kale, usinunue hata kwa shilingi mia. Kila kipande kinachotoka mahali pake kinafuta habari ambayo haiwezi kurudishwa. Kauri za Kichina zilizochimbwa Gedi zina wenyewe, na ukitaka kuziona nenda Gedi au makumbusho ya Fort Jesus.

AlamaNaTarehe

Kuhusu umri. "Ya wakoloni" ni maneno ya sokoni. Soma kitako.

Neno England peke yake kwa kawaida ni baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai nchi itajwe kwenye bidhaa. Made in England mara nyingi ni karne ya 20. Bone China ikiandikwa kwenye alama, vilevile karne ya 20. Alama ya almasi yenye herufi pembeni ni usajili wa Uingereza kati ya 1842 na 1883. Rd No ikifuatwa na tarakimu ni kuanzia 1884, na mwaka 1900 ulianzia namba 351202, kwa hiyo namba ndogo kuliko hiyo ni ya karne ya 19. Kumbuka namba ni tarehe ya kusajili mchoro. Sahani yenyewe huenda ilitengenezwa miaka 20 baadaye. Nippon ni Japani ya kati ya 1891 na 1921. Occupied Japan ni miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi 1952. Ukiona maandishi ya kuruhusu mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu, mazungumzo yamekwisha.

Mchoro wenyewe usikudanganye. Ule uitwao Willow, wa miti, daraja na ndege wawili kwa buluu, ulianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na bado unachapwa hadi leo. Tazama namna ulivyowekwa. Kuza kwa kamera ya simu au lenzi ya mara 10: picha ya zamani ya kuhamishwa kutoka karatasi ina mistari na nukta za mchongaji, na ukingoni utakuta mahali karatasi mbili zilipokutana vibaya, ua limekatwa nusu. Picha ya kisasa ya stika mara nyingi ina nukta za duara zilizopangwa sawasawa kama za gazeti.

Kitako cha sahani iliyotumika kina mikwaruzo isiyo sawa, mingi pale sahani inapogusa meza. Mikwaruzo inayokwenda upande mmoja ni ya msasa. Na vinyufa vya kahawia vinavyofanana kila mahali, bila sehemu nyepesi wala nzito, mara nyingi ni chai iliyopikwa kwa makusudi.

Ukienda tena Toi au Gikomba: usifungiwe kwa gazeti tupu kama glezi ina vinyufa, wino huingia. Beba kanga kuukuu. Na kwenye boda sahani zisimame kwa ukingo, zibanane zisichezecheze. Zikilala zimepangana, tuta moja la barabarani linapeleka uzito wote kwenye ile ya chini.

NyumbaSouthB

Asanteni sana. Nimegeuza: mabakuli mawili yana Maestricht na picha ya simba-mwanamke, la tatu halina alama. Sahani saba ni Made in England, mbili za madoa zina Rd No inayoanza na 29, tarakimu sita. Hakuna aliyejibu la kula chakula.

KitakoKwanza

Huyo ni Sfinksi, alama ya Regout. Na 29 yenye tarakimu sita ni kabla ya 1900, kwa hiyo muuzaji alisema kweli juu ya mbili hizo walau kwa mchoro wake.

Kula: hapana. Glezi nyingi za zamani zina risasi, ile madini yenye sumu, na rangi nyekundu na manjano zilizo juu ya glezi huongeza hatari. Achari, ukwaju, nyanya, ndimu na maziwa lala huitoa risasi kwenye glezi, hasa ikiwa imekwaruzika au kupasuka. Mtoto wa miaka mitatu hudhurika upesi kuliko mtu mzima, hata kwa kiasi kidogo cha risasi. Ukitaka kuweka matunda ndani, yawe na maganda, chungwa au ndizi. Buli nalo liwe la maua makavu. Ukitia maua mabichi, weka gilasi ndani yake ili maji yasikae kwenye udongo.

FundiUkuta

Mpangilio sasa. Kata gazeti umbo la kila sahani, andika namba, weka alama ya penseli pale waya utakaposhika skrubu ukiwa umevutwa na uzito. Pima huo mshuko kwa kila sahani, hautoshani. Bandika magazeti ukutani kwa masking tepu, yaache siku mbili ukipita na kutazama. Katikati ya kundi iwe sentimita 150 kutoka sakafuni kwa ukuta wa kusimama, ishuke hadi 140 kama unatazama ukiwa umeketi. Nafasi kati ya kingo sentimita 5 hadi 7. Ikizidi 10 kila sahani hukaa peke yake kama saa ya ukutani.

Usitumie zote tisa. Zile mbili za kale ziende kwenye vyumba viwili vya lile sanduku la BintiShela, na lile kombe kwenye kabati. Saba zinatosha ukuta. Pazia la dirishani lifungwe kando, upepo wa mchana ukilipiga linafika mbali kuliko unavyodhani.

Toboa matundu yote kwanza, futa vumbi, ndipo ulete vyombo chumbani. Anza kutundika safu ya juu ukishuka, ili kitu kikikuponyoka kisipate sahani chini yake. Kila skrubu ivute kwa mfuko wenye kilo 2 za unga kwa dakika kumi kabla ya kuikabidhi sahani.